Chopin: mwili Paris, moyo Warsaw

Frédéric Chopin, mpiga piano na mtunzi mashuhuri, alizaliwa mwaka 1810 karibu na Warsaw, Poland. Novemba 2, 1830, akiwa na miaka 20, alisafiri kwenda Vienna. Mwezi haukuisha, Wapoland wakaasi utawala wa Urusi. Mwaka 1831 uasi ukazimwa.

Chopin akahamia Paris, akaishi kwa kufundisha piano na kutunga muziki, zikiwemo mazurka na polonezi, ngoma za kwao. Poland hakurudi tena.

Alifariki Oktoba 17, 1849 na kuzikwa Paris. Lakini dada yake mkubwa, Ludwika, aliubeba moyo wake kwa siri hadi Warsaw, kama alivyousia. Sisi tulio ughaibuni hatuhitaji kufafanuliwa wosia huo.