Paul de Vivie: Mfanyabiashara wa hariri aliyeipigania gia ya baiskeli

Anayetaka kununua baiskeli ya mashindano siku hizi hukutana na maswali mengi kabla hajatoa hela mfukoni. Achukue gia za Shimano, za SRAM au za Campagnolo? Zinazovutwa kwa waya au zinazotumia betri? Marafiki hubishana, na kila mmoja huona chake ndicho bora.

Mabishano haya yana zaidi ya miaka 100. Wakati huo watu walibishana kama baiskeli iwe na gia za kubadilisha au isiwe nazo kabisa, na aliyesimama mstari wa mbele kuzitetea alikuwa Mfaransa Paul de Vivie, anayejulikana zaidi kwa jina lake la uandishi, Vélocio.

Kutoka hariri hadi baiskeli

De Vivie alizaliwa mwaka 1853 huko Pernes-les-Fontaines, kusini mwa Ufaransa. Maisha yake ya utu uzima aliyapitisha Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe, viwanda vya silaha na utepe wa hariri. Yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na biashara ilimwendea vizuri.

Mwaka 1881 alinunua baiskeli yake ya kwanza, ile ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Tangu siku hiyo moyo wake ukahama. Mwaka 1887 aliachana na hariri, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha jarida lililokuja kuitwa Le Cycliste. Mwanzoni aliagiza baiskeli kutoka Coventry, Uingereza, na mwaka 1889 akatoa ya kwake, La Gauloise.

Mvuta kiko aliyempita mlimani

Juu ya Saint-Étienne kuna mlima uitwao Col de la République, wenye kimo cha mita zipatazo 1,160. Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1889 de Vivie alikuwa akiupanda kwa shida, jasho likimtoka, mara akapitwa na mmoja wa wasomaji wa jarida lake. Msomaji huyo alikuwa anavuta kiko, hana hata dalili ya kuchoka.

De Vivie alirudi nyumbani akiwaza. Hapa inafaa tueleze kidogo jinsi gia inavyofanya kazi. Baiskeli ina duara la meno mbele, kwenye pedali, na jingine nyuma, kwenye gurudumu. Duara la mbele likiwa kubwa, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mbali, ila unahitaji nguvu nyingi. Likiwa dogo, unapanda mlima kwa wepesi, lakini ukifika tambarare miguu inazunguka mbio na baiskeli haiendi. Mwenye baiskeli ya gia moja huku kwetu anaijua hali hiyo: mwinuko ukizidi, unashuka na kusukuma.

Kwa hiyo kuchagua gia moja ni kuchagua mahali pa kuumia. De Vivie hakutaka kuumia popote. Alifunga maduara mawili ya meno mbele, akawa anahamisha mnyororo kwa mkono kutoka moja kwenda jingine. Baadaye aliongeza mengine mawili upande wa kushoto, akapata gia 4. Ilimbidi asimame na kuchafua vidole, lakini mlima ulipandika.

Mifumo yashindana

Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, mifumo ilikuwa mingi. Waingereza walipendelea gia zilizofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, kama zile za Sturmey-Archer zenye kasi 3. Uzuri wake ni kwamba vumbi na matope havizifikii. Ubaya wake ni uzito, na zikiharibika si rahisi kuzitengeneza njiani. Saint-Étienne ilichukua njia nyingine: kuusukuma mnyororo pembeni uruke kutoka duara moja hadi jingine. Fundi Joanny Panel wa mji huo alitengeneza kifaa cha aina hiyo kilichoitwa Le Chemineau. Mfumo huu ulikuwa mwepesi na ulionekana wazi kwa macho, ila ulihitaji kusafishwa na kurekebishwa mara kwa mara.

De Vivie alijaribu mfumo mmoja baada ya mwingine, akapanda nao milimani, kisha akaandika matokeo katika Le Cycliste.

Desgrange akataa

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903. Desgrange aliamini kwamba mashindano yapime misuli ya mwanadamu, si ujanja wa mashine. Kwake, gia za kubadilisha ziliwafaa watu wa makamo waliokwisha nguvu.

Mwaka 1902 klabu ya watalii ya Ufaransa, Touring Club de France, iliandaa jaribio katika njia ya milimani. Édouard Fischer alipanda baiskeli ya gia moja. Marthe Hesse alipanda Gauloise yenye gia 3. Masimulizi ya mchezo huu yanasema bibi huyo alimaliza njia yote bila kutia mguu chini, na Fischer akashindwa.

Hata hivyo, Desgrange hakubadili msimamo. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa Tour walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie duara la meno la upande wa pili. Wakifika kileleni wakaligeuza tena, huku vidole vikifa ganzi kwa baridi.

Hakuiona siku yenyewe

De Vivie hakujibu kwa maneno peke yake. Aliendesha baiskeli safari ndefu, mara nyingine usiku kucha, hata alipopita miaka 70. Hakula nyama. Aliwafundisha wafuasi wake wale kabla njaa haijauma, wanywe kabla ya kiu, na wasiendeshe kwa ajili ya kujionyesha. Kuanzia mwaka 1922, waendesha baiskeli walianza kukusanyika kila mwaka kuupanda Col de la République kwa heshima yake, naye akiwa hai.

Mwezi Februari mwaka 1930, akiwa na miaka 76, aligongwa na tramu katika mji wake wa Saint-Étienne alipokuwa akitembea na baiskeli yake, akafariki dunia.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1937, Tour de France iliruhusu gia za kubadilisha. Desgrange alikuwa amekwisha kuacha usimamizi kwa sababu ya afya. Roger Lapébie, Mfaransa, alishinda mwaka huo akitumia gia zile zile zilizokataliwa kwa zaidi ya miaka 30.

Kwa hiyo ukisimama dukani ukiwa umechanganyikiwa, fanya kama Vélocio. Usianze na jina la kampuni. Anza na barabara utakayopita, vilima vyake, umri wa miguu yako, na fundi atakayekutengenezea gia hizo zikiharibika. Kisha, ukiweza, azima baiskeli ya mtu yenye mfumo unaoufikiria, uipandishe mlima mmoja. Mlima utakueleza mengi kuliko muuzaji.