Allidina Visram: Tajiri Aliyewafungulia Makarani Wake Maduka

Ukipita madukani hapa Nakuru jioni hizi za Ramadhan, dakika chache kabla ya futari, utamkuta kijana nyuma ya kaunta anapima mchele huku jicho moja liko kwenye saa. Mwenye duka hayupo. Pengine yuko Mombasa ananunua mali. Mtu humwachia vipi mwenzake duka zima? Na yule kijana naye atapima mchele wa watu mpaka lini? Hebu tumtazame mzee mmoja aliyekutana na maswali hayo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati reli ndiyo kwanza inapanda huku kwetu.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 huko Kera, Kutch, magharibi mwa Bara Hindi, katika jamaa ya Waislamu wa Ismailia. Alipata umri wa miaka kama 12 hivi alipovuka bahari akafika Bagamoyo. Mtoto wa umri huo leo tunamwambia bado hajui kutumwa sokoni! Yeye akaingia kazini katika biashara ya kina Sewa Haji Paroo, waliokuwa wakipeleka nguo, shanga na chumvi bara na kurudi na pembe za ndovu. Biashara ile ilisimama juu ya mabega ya wapagazi. Kumpata mpagazi, kupatana naye ujira, kumlisha njiani, kuhakikisha mzigo umefika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kijana akaisoma kwa miaka mingi, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina akaishika biashara ile.

Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli kutoka Mombasa. Kwa kazi hiyo waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Watu hao walihitaji unga, mchele, dengu na samli, na Allidina ndiye aliyepewa kandarasi ya kuwalisha. Maduka yake yakaifuata reli. Ikafika Nakuru mwaka 1900, ikafika Kisumu mwaka 1901, naye hakuishia hapo. Alikuwa keshafungua duka Kampala, na huko akatajirika hata akapewa jina la mfalme wa Uganda asiye na taji.

Sasa fikiria. Mombasa mpaka Kisumu ni karibu kilomita 940. Duka moja liko huku, jingine kule ng'ambo ya ziwa, na tajiri ni mmoja. Nani atayalinda? Karani akitaka kukuibia, mpaka wewe ufike, yeye na mali hawapo.

Allidina aliwaleta vijana kutoka kwao, Kutch na sehemu za jirani, wengi wao hawana kitu. Waliingia madukani mwake wakajifunza hesabu, bei, na lugha ya wateja. Waliokuwa waaminifu hakuwaweka makarani maisha yao yote. Aliwapa mali kwa mkopo, nao wakajifungulia vijiduka vyao wenyewe, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na duka kabisa. Jamaa akiuza, analipa deni, anachukua mali nyingine.

Usidhani ilikuwa sadaka tu. Karani aliyefunguliwa duka aligeuka mteja wa jumla: nguo na chumvi anachukua kwa Allidina, na ngozi, nta au pembe alizonunua kwa wenyeji anampelekea Allidina. Halafu mtu anayelinda duka lake mwenyewe haibi, atamwibia nani? Mimi naona hapo ndipo mzee yule alipowapita matajiri wengi wa leo, ambao kijana akitaja tu habari ya kujitegemea anaanza kutazamwa kama adui.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mlango ule uliwafungukia zaidi vijana wa kwao. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo yake tangu enzi za Bagamoyo hawakupata nafasi kama ile, na biashara ya pembe iliyomwanzishia utajiri, ndovu wa bara hii ndio walioigharimia.

Tena kuna jambo la pili. Mfumo ule wote ulikuwa ndani ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyejua nani ni wa kuaminika, na nani akicheleweshwa kidogo atalipa. Pesa zake zilitawanyika mikononi mwa watu kutoka pwani mpaka Kongo. Alikuwa bado anasafiri kuyakagua mambo yake akiwa na miaka zaidi ya 60, na huko Kongo ndiko alikopatwa na homa iliyomuua tarehe 30 Juni 1916. Biashara ikamwangukia mwanawe Abdulrasul, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923, na ile nyumba kubwa ya biashara ikaporomoka.

Maduka waliyofungua makarani wake hayakuanguka nayo, maana yalikuwa na wenyewe. Na kabla ya kufa, Abdulrasul alikuwa ametoa fedha ijengwe shule Mombasa kwa jina la baba yake. Vijana wanasoma pale mpaka leo.