Enrico Fermi na Vioo vya Nyutroni

Wengi wetu tulilisikia jina la Enrico Fermi darasani, likitajwa pamoja na bomu la atomu. Hilo hatutalificha. Lakini ipo kazi yake nyingine ya kimya, ya vioo, ambayo wanasayansi wanaitegemea mpaka leo, nasi tumeona vema kuyapitia maisha yake tukiielekea hiyo.

Alizaliwa Roma tarehe 29 Septemba 1901. Mwaka 1915 kaka yake Giulio, aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, alifariki katika upasuaji mdogo wa koo. Enrico alizama katika vitabu. Katika soko la Campo de' Fiori alinunua vitabu viwili vikuukuu vya fizikia vilivyochapwa mwaka 1840, kazi ya Padre Andrea Caraffa, Mjesuiti. Inasimuliwa kwamba alivisoma kwa hamu hata akamwambia dada yake Maria kuwa hakuwa ametambua kwamba vimeandikwa kwa Kilatini. Waseminari wanaohangaika na Kilatini watamwonea wivu, kama sisi.

Mwaka 1922 alipata shahada ya udaktari huko Pisa. Utafiti wake ulihusu eksirei. Eksirei hupenya lenzi za kawaida bila kukusanyika, hivyo kutengeneza picha kwa mionzi hiyo ni kazi ngumu. Kijana Fermi alitumia vipande vya ulanga vilivyopindwa, ili mionzi inayorudi kutoka kwenye ulanga ikutane mahali pamoja. Tukumbuke kipande hicho kilichopindwa.

Akiwa profesa Roma aligeukia nyutroni, chembe ya kiini cha atomu isiyo na chaji ya umeme. Tarehe 22 Oktoba 1934 aliweka nta, ya aina ile ya mishumaa, katika njia ya nyutroni, na akagundua kwamba nyutroni zilizopunguzwa mwendo huingia katika viini kwa urahisi zaidi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1938. Mwaka huohuo Italia ilipitisha sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, na mkewe Laura alikuwa Myahudi. Familia ilikwenda Stockholm kupokea tuzo, na badala ya kurudi nyumbani ikapanda meli kwenda New York.

Huko Chicago, tarehe 2 Desemba 1942, aliongoza kuwashwa kwa mtambo wa kwanza wa nyuklia. Kisha likaja bomu. Juni 1945 alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioishauri serikali ya Marekani kwamba hawaoni njia nyingine ya kufaa isipokuwa kulitumia vitani. Mwaka 1949, pamoja na Isidor Rabi, aliandika kulipinga bomu la haidrojeni, akiliita jambo ovu. Kwetu sisi, maandishi ya pili hayafuti ya kwanza. Yote mawili ni yake.

Mtambo ulitoa pia nyutroni nyingi za kufanyia majaribio. Mwaka 1946, kwa kazi iliyofanyika Argonne karibu na Chicago, yeye na Walter Zinn walitoa taarifa kwamba nyutroni huakisiwa na kioo. Mtoto akirusha jiwe bapa karibu sawasawa na uso wa maji, linaruka. Akilirusha kwa kulielekeza chini, linazama. Nyutroni nayo ni hivyo: ikigusa kioo cha nikeli kwa pembe ndogo sana, chini ya nyuzi moja, inaruka, pembe ikizidi, inapenya.

Hapo kile kipande cha ulanga kinarudi. Kioo kikipindwa kidogo, nyutroni zilizotawanyika hukusanywa mahali pamoja. Jambo hili lina uzito, kwa sababu nyutroni kutoka mtamboni ni chache zikilinganishwa na mwanga, na kitu kinachochunguzwa huenda ni kidogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 1952 Mjerumani Hans Wolter alieleza jinsi vioo viwili vya mviringo, kimoja kikifuata kingine, vinavyoweza kutoa picha safi ya eksirei. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Marekani walipanga vioo vya nikeli vya umbo hilo, kimoja ndani ya kingine kama bilauri, wakakusanya nyutroni kwavyo.

Fermi hakuyaona hayo. Alilazwa Chicago mwaka 1954 akiwa na saratani ya tumbo. Hakuwa mtu wa dini, wala hatutaki kumfanya mtakatifu. Padre Mkatoliki, mchungaji Mprotestanti na rabi walimtembelea, kila mmoja akaomba kumbariki, naye akawaruhusu wote watatu. Rafiki yake Emilio Segrè alimkuta akiwa na saa mkononi, akihesabu matone ya chakula yaliyokuwa yakiingia mwilini kwa mpira, ili apime mwendo wake. Alifariki tarehe 28 Novemba, akiwa na miaka 53.