GUSTAVE EIFFEL, INJENIERI ALIYEKATALIWA NA SHULE KUBWA



Kila mwaka, mtihani wa Serikali unapokaribia, mazungumzo ya uwanjani ni yale yale. Mwenye kutumaini asilimia 70 anatangaza bila haya ya kwamba ataingia politekiniki. Mwenye kutazamia 53 ananyamaza, ao anasema atachukua masomo yoyote yatakayompokea, ijapokuwa tangu zamani alipenda mashini na madaraja. Na wengine wanaanza kuuliza pembeni namna gani pointi zinanunuliwa. Kwa ajili ya huyu anayenyamaza na huyu anayetaka kununua, tutasoma leo maisha ya mtu ambaye sisi wote tunajua jina lake, lakini wachache wanajua namna alivyoanza.

Gustave Eiffel alizaliwa tarehe 15 Desemba 1832 katika mji wa Dijon, Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa zamani. Mama yake njo alikuwa nguvu ya nyumba: alifanya biashara ya makaa, na biashara ile ikaendelea vizuri sana. Tuseme kweli, Eiffel hakuwa mtoto wa maskini, na feza za mama zilimsaidia.

Shuleni Dijon hakuwa mtu wa kusifiwa. Masomo yalimchosha, aliona anapoteza wakati. Paka katika miaka miwili ya mwisho njo aliamka, kwa sababu ya walimu wa historia na wa fasihi waliojua kumvuta. Akapata diploma yake. Nje ya shule alijifunza mengi kwa mjomba wake Mollerat, aliyekuwa na kiwanda cha siki na dawa za kemia, na mambo ya kemia yakamwingia moyoni.

Wakati ule kijana Mfaransa aliyetaka kuwa injenieri mkubwa alikuwa na ndoto moja: École Polytechnique ya Paris. Ni shule ya Serikali, ilifunguliwa mwaka 1794, yenye hesabu nyingi na nazaria nyingi, na wanaotoka pale walipata kazi za juu katika jeshi na Serikali. Eiffel akaenda Paris, akajitayarisha miaka miwili katika koleji ya Sainte-Barbe kwa ajili ya konkuru ile. Mwaka 1852 matokeo yakatoka. Hakupokelewa.

Tusimame hapa kidogo. Kijana wa miaka 19, miaka miwili ya kazi, feza za mama, na jina lake haliko kwenye liste. Tunajua wenzetu ambao mambo kama haya yaliwavunja, wakabaki nyumbani mwaka mzima bila kufungua hata kitabu.

Eiffel hakubaki nyumbani. Mwaka ule ule wa 1852 akaingia École Centrale des Arts et Manufactures, pale pale Paris. Shule hii ilianzishwa mwaka 1829 na watu binafsi, kusudi itoe mainjenieri wa viwanda. Watu wengi waliiona kuwa ya pili nyuma ya Polytechnique. Lakini angalieni: pale walifundisha kemia, vyuma, mashini, ujenzi, namna kiwanda kinavyofanya kazi. Na yale aliyojifunza miaka miwili kwa ajili ya konkuru hayakupotea, yalimfungulia mlango huu mwingine. Akachagua kemia, akamaliza mwaka 1855.

Alichagua kemia juu mjomba alikuwa na kiwanda, na wote walifikiri kijana atakirizi. Lakini jamaa ikagombana na mjomba, na kiwanda kikamponyoka. Njo mara ya pili mlango unafungwa. Akaenda kwa shemeji yake, aliyesimamia kiwanda cha kuyeyusha chuma, akakaa pale miezi bila mshahara, akijifunza. Kisha mwaka 1856 akapata kazi kwa Charles Nepveu, injenieri wa njia za reli huko Paris. Mtu mwenye diploma ya kemia akaanza kuchora madaraja ya chuma!

Mwaka 1858, akiwa na miaka 25 tu, akapewa kusimamia daraja la reli juu ya mto Garonne, katika mji wa Bordeaux. Daraja lile lina urefu wa metre karibu 500. Kazi ngumu ilikuwa chini ya maji: namna gani kusimamisha nguzo katika mto wenye nguvu? Walishusha vyumba vya chuma mpaka chini ya mto, wakasukuma hewa ndani kwa mashini kusudi maji yasiingie, na wafanyakazi wakachimba mule ndani pakavu. Mwaka 1860 kazi ikaisha vizuri, na tangu siku ile hakuna mtu aliyemwuliza tena mambo ya konkuru ya 1852.

Mwaka 1866 akafungua kiwanda chake huko Levallois, karibu na Paris. Mwaka 1877 kampuni yake ikamaliza daraja la Maria Pia katika Ureno, lenye upinde wa metre 160. Mwaka 1884 lile la Garabit, metre 122 juu ya mto. Mwaka 1886 Sanamu ya Uhuru ikafunguliwa New York, na mifupa yake ya chuma, isiyoonekana kwa nje, ni kazi ya kampuni ya Eiffel.

Kisha mnara. Hapa inafaa kusema ukweli: wazo la kwanza halikutoka kwake. Mwaka 1884 mainjenieri wake wawili, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, walichora mnara wa metre 300. Koechlin alikuwa ametoka Politekiniki ya Zurich, na hesabu zake zilikuwa kali. Eiffel mwanzoni hakuvutwa sana, lakini baadaye akaona faida, akanunua haki zao, akatafuta feza, akapigana na wasioupenda. Kazi ilianza Januari 1887, ikaisha tarehe 31 Machi 1889: vipande vya chuma 18 038 na misumari ya moto milioni 2 na nusu. Kila kipande kilichorwa na kutobolewa kiwandani mbele ya kupandishwa. Kwa miaka 40 hakukuwa jengo refu kuupita duniani.

Na mnajua aliandika nini kwenye mnara ule? Majina ya watu wa elimu 72. Wengi kati yao walisoma ao walifundisha katika Polytechnique, shule ile iliyomkataa. Hakuweka kinyongo, aliwaheshimu.

Hakuwa malaika. Katika kesi ya mfereji wa Panama, mwaka 1893, alihukumiwa kifungo na kutozwa feza, kisha korti ya juu ikafuta hukumu. Akaacha biashara, akageukia uchunguzi wa upepo na wa hali ya hewa, akawasaidia sana watengenezaji wa ndege za kwanza. Alikufa tarehe 27 Desemba 1923, mwenye miaka 91.

Basi tunapata nini hapa? Kwanza, asilimia inaweza kukufungia mlango mmoja, si nyumba nzima. Kuna mwaka wa kujitayarisha, kuna institi za ufundi, kuna atelie za watu wanaojua kazi. Pili, Eiffel hakuingia bure: alifanya kazi miaka miwili, na kazi ile ilimfuata. Mwenye kupata 53 na kujua hesabu zake atafika. Mwenye kununua 75 daraja lake litaanguka, na watu watakuwa juu yake. Tatu, usione haya kufanya kazi na wanaokupita kwa hesabu.

Bukavu yetu inateleza kila mvua ikinyesha, nyumba zinashuka na mlima, barabara zinakatika. Mainjenieri tutakaowahitaji si wale wa asilimia 80 tu. Jifunzeni vizuri mitihani hii, na liste ikitoka bila jina lako, tafuta Centrale yako.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6