Judson: Mwasisi wa zipu aliyekusudia viatu

KABLA ya zipu kuzoeleka katika nguo na mikoba, kilichomshughulisha Whitcomb Judson kilikuwa viatu. Mwishoni mwa karne ya 19, buti nyingi za Marekani zilifungwa kwa safu ndefu ya vishikizo vidogo, na mvaaji alihitaji kijiti chenye kulabu ili kuvipenyeza matunduni kimoja baada ya kingine.

Mnamo Agosti 1893, Judson, ambaye awali alijishughulisha na tramu za kuendeshwa kwa nguvu za hewa, alipewa hataza ya kifungio cha viatu. Kilikuwa na safu mbili za kulabu na vitanzi, zilizounganishwa kwa kusukuma kifaa kimoja tu.

Wazo lilikuwa zuri. Chombo chenyewe hakikutegemeka. Kilikwama, au, baya zaidi, kilifumuka mvaaji akiwa njiani. Wakili Lewis Walker alizidi kuufadhili mradi huo, lakini Judson alifariki mnamo 1909 bila kuona ila hiyo ikiondolewa.

Aliyeiondoa ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyejiunga na kampuni hiyo mnamo 1906. Aliziacha kulabu kabisa. Mnamo 1913 alibuni meno madogo yanayofanana, kila moja likiwa na kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili, hivyo kila jino likashikwa na wenzake.

Mnamo 1923, kampuni ya B.F. Goodrich ilitia kifungio hicho kwenye buti za mpira ikaziita Zipper. Kikawa kimerejea miguuni, alikokikusudia Judson.