Red Auerbach: kocha aliyejua kubadilishana na kusubiri

Wasikilizaji wetu wa Kamunyonge, leo tunamkumbuka Red Auerbach wa Marekani, aliyezaliwa 1917 na kufariki 2006. Mwaka 1956 kocha huyu wa mpira wa kikapu wa Boston Celtics alimtoa nyota wake Ed Macauley pamoja na Cliff Hagan, ili ampate Bill Russell, kijana ambaye hajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Akatwaa ubingwa mara 9.

Mwaka 1978, akiwa meneja, alimchagua Larry Bird aliyebakiza mwaka mmoja chuoni. Akamngoja, huku timu ikipoteza mechi 53 msimu huo. Ubingwa ulirudi 1981.

Wafugaji tunalijua hilo: fahali hubadilishwa kwa mtamba, lakini mtamba hungojwa azae.