Sheikh Abdallah Saleh Farsy: mwalimu wa shule aliyefika kuwa Kadhi Mkuu

Nani ana haki ya kutoa fatwa? Hapa kwetu Mabanga swali hili linakuja sana siku hizi, juu ya zile sauti zinazopita kwenye WhatsApp: mtu usiyemjua anasema talaka hii imepita, ile haijapita, na kesho yake nyumba imevunjika. Tumeona vizuri leo tuwaletee maisha ya mtu ambaye wengi wenu muko na kitabu chake nyumbani.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ualimu: tangu miaka ya 1930 alifundisha watoto katika shule za serikali. Lakini pembeni ya chaki alikuwa anakaa mbele ya masheikh, kitabu kwa kitabu, mwaka kwa mwaka. Mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa Sayyid Omar bin Sumayt, aliyesoma kwa baba yake, Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi aliyejulikana pwani nzima.

Mnyororo huo ndio uliompa Farsy haki ya kusema. Mtu wa fatwa sherti ajue Kiarabu, Kurani, hadithi, fikihi na misingi ya kutoa hukumu. Tena sherti mwalimu anayejulikana ashuhudie kwamba amejua. Farsy mwenyewe aliandika kitabu kizima juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, na wapi. Sisi tunaofuata madhehebu hayo hayo, yaliyoingia Maniema pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19, kitabu hicho kinatuhusu.

Mwaka 1960 alipewa ukadhi wa Zanzibar. Mapinduzi yalikuja 1964, na mwaka 1967 akahamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akashika kazi ile zaidi ya miaka 10. Hapa tutofautishe vizuri: mufti anakupa jibu la dini, na jibu hilo halikufungi kisheria. Hukumu ya kadhi inafunga, kwa sababu serikali imemuweka. Hata hivyo, Kenya kadhi anaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu tu.

Mwaka 1969 ikatoka Nairobi tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili, Qurani Takatifu. Mama wa sokoni asiyejua Kiarabu akaweza kujua maana ya anachosoma. Ni neema kubwa, lakini iko na hatari yake: kusoma tafsiri si sawa na kuwa mufti. Aya moja inaweza kufungwa na aya ingine ao na hadithi, na tafsiri peke yake haitakuonyesha yote.

Na yeye pia alipingwa. Alipoandika kukataza mambo aliyoyaona ni bidaa, masheikh wengine wa pwani walimkatalia. Elimu yake haikuwanyamazisha, na cheo chake vilevile. Hoja ilijibiwa kwa hoja, vitabu vikiwa mezani.

Alifariki Maskati, Oman, mwaka 1982.

Hapa Kongo hatuna kadhi wa serikali. Ndoa na mirathi mbele ya tribinali vinafuata sheria ya familia ya nchi. Mambo ya dini tunayapeleka kwa imamu ao kwa COMICO. Basi kabla ya kufuata ile sauti ya simu, ndugu musikilizaji, uliza mambo matatu: huyu alisoma kwa nani? Anasimama kwenye kitabu gani? Na je, amesikiliza pande zote mbili, bwana na bibi, mbele ya kusema talaka imepita?